Sauti safi ya besi kwenye muziki wa panki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyajibu kwa WhatsApp, nimeyajibu kwenye ngazi za kumbi baada ya shoo, na moja nililijibu kwa ishara za mikono ndani ya matatu ya Rongai kwa sababu muziki haukuturuhusu kuongea. Sasa nimeyakusanya. Nilianza kupiga besi kanisani huko Eastlands, nikahamia panki, na karibu kila kosa linalotajwa hapa nililifanya mwenyewe kwanza.

Panki si ni kelele? Usafi unaingiaje hapo?

Ni kelele, lakini kelele yenye mgawanyo wa kazi. Mngurumo umebebwa na gitaa la kawaida. Besi nayo ikinguruma vivyo hivyo juu ya drams zinazokimbia, msikilizaji anabaki na lori la mchanga linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Usafi ninaouzungumzia ni kila noti kuwa na mwanzo unaosikika na mwisho unaosikika. Wimbo ukienda mapigo 180 kwa dakika, nawe unapiga noti mbili kwa kila pigo, hizo ni noti sita kwa sekunde. Aliyeegemea ukuta wa nyuma anapaswa kuzisikia zote sita.

Usichanganye safi na laini. Sisi tuliotoka kanisani tulizoea sauti nene, ya mviringo, isiyomkwaruza mzee yeyote wa kanisa. Ipeleke hiyo kwenye panki uone inavyozama. Sauti ya panki ina kingo. Ina mlio wa chuma mwanzoni mwa noti, kama mtu anayegonga geti kwa sarafu, halafu mwili wa noti unafuata.

Tena nikuibie siri: rekodi nyingi tunazozisifu kwa usafi zina chembe ya mkwaruzo ndani yake. Ampeg SVT iliingia sokoni mwaka 1969, amplifaya ya valvu yenye wati 300 iliyounganishwa na makabati ya spika nane za inchi 10. Ukiisukuma kidogo inaanza kung'ata. Besi ikiwa peke yake unausikia ule mng'ato. Bendi ikiingia, mng'ato unamezwa na unachosikia ni noti iliyonyooka.

Nimsikilize nani ili sikio langu lielewe?

Anza na Dee Dee Ramone wa Ramones, bendi iliyoundwa New York mwaka 1974 na kutoa albamu yake ya kwanza 1976. Alikuwa na Fender Precision (aina ya gitaa la besi), piki (kile kipande cha plastiki cha kudonolea nyuzi), na mkono unaokwenda chini tu. Kisha Paul Simonon wa The Clash, London, ambaye kwake unausikia ukaribu wa rege: anajua pa kunyamaza. Halafu mtafute Mike Watt wa Minutemen, kutoka San Pedro, California. Mwenzake D. Boon alikuwa analiacha gitaa likiwa jembamba, lenye trebo (sauti za juu) tupu, na besi ikapata uwanja mzima wa kuchezea. Ukitaka kusikia noti zinazokimbia bila kukanyagana, kuna Matt Freeman wa Rancid.

Nyumbani hapa, bendi kama Crystal Axis zimeonyesha kwamba panki ya Nairobi ina miguu yake yenyewe, na besi ukiisikiliza jukwaani unajifunza kuliko kwenye simu.

Lakini somo langu kubwa lilitoka kwenye benga. Usicheke. Chukua Shirati Jazz ya D. O. Misiani na usikilize besi tu, sahau gitaa la solo. Besi ya benga hailali chini ya wimbo kama godoro. Inaruka, inaongea, noti zake ni fupi na zinakatwa mapema ili inayofuata ipate nafasi. Aliyelelewa na benga redioni anaijua nusu ya kazi hii tayari, isipokuwa hakuna aliyemwambia.

Lazima ninunue Fender Precision?

Hapana, ila nunua kitu chenye umbo la pikapu yake. (Pikapu si gari, ni zile sumaku zilizoviringiwa waya chini ya nyuzi.) Precision ilitoka mwaka 1951, na mwaka 1957 pikapu yake ikakatwa vipande viwili, kila kipande kikishika nyuzi mbili. Vipande hivyo vimefungwa kinyume ili mngurumo wa umeme ujifute wenyewe. Midi yake, yaani sauti za katikati, ndiyo iliyoijenga panki. Kampuni nyingi hutengeneza nakala za bei nafuu, na kwa kazi hii nakala nzuri haitakuangusha.

Jazz Bass, ya mwaka 1960, ina pikapu mbili. Fungua volyumu zote mbili mpaka mwisho. Ukipunguza moja, mngurumo unarudi. Ukiwa na gitaa linalotumia betri ya volti 9, ondoa jeki (ncha ya kebo) kila unapomaliza, kwa sababu jeki ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa. Betri ikikaribia kufa sauti inaanza kupasuka kwa ubaya, na utalaumu spika bure.

Ukinunua la mkono wa pili, lishike kama bunduki na uangalie shingo kwa jicho moja kutoka upande wa kichwa. Shingo iliyopinda kidogo inarekebishika. Iliyojisokota kama kamba, mrudishie mwenyewe na umtakie siku njema.

Nyuzi zangu ni za 2021. Bado ziko sawa, au?

Haziko sawa. Hili ndilo jibu ambalo watu hawapendi, kwa sababu seti ya nyuzi za besi si bei ya nyuzi za gitaa la kawaida. Lakini hakuna nobu, hakuna kifaa cha mguuni kitakachorudisha mlio ambao uzi hautoi. Jasho, ngozi iliyokufa na vumbi la Nairobi huingia katikati ya misokoto, uzi unakuwa mzito na unazima sauti ya juu.

Unataka nyuzi zenye misokoto ya mviringo, zile ambazo ukipitisha kucha zinakwaruza, si zile bapa zenye uso laini. Za chuma cha pua zinang'aa zaidi ya zile za nikeli, na zinazila freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) haraka zaidi. Rotosound Swing Bass 66 ndizo ambazo wengi wa Uingereza walianza nazo. Unene wa kawaida ni 45 hadi 105, kwa elfu za inchi. Mimi napendelea uzi wa E uwe mnene, kwa sababu nikiupiga kwa nguvu uzi mwembamba unapanda sauti kwa sekunde moja kabla ya kutulia, na hapo unasikika kama hukutuni.

Kama hela haipo, chemsha. Zitoe, zizungushe pole pole, zitie kwenye maji yanayochemka dakika 10 hadi 15, zikaushe kabisa kwa kitambaa, zirudishe. Mng'ao utarudi kwa siku chache, pengine wiki. Mara ya kwanza nilifanya hivyo jikoni kwa shangazi yangu, Umoja. Aliingia akaona mvuke.

"Unapika nini?"

"Nyuzi, shangazi."

Akafunua, akaangalia zile nyoka nne zinazocheza ndani ya maji ya rangi ya chai, akafunika. "Hiyo sufuria usiirudishe kwenye kabati langu."

Tangu hapo natumia spiriti. Weka nyuzi kwenye bomba la plastiki lililozibwa upande mmoja, jaza spiriti, ziba, lala. Asubuhi uchafu wote uko chini. Zianike mpaka harufu iishe kabla hujazifunga, na bomba lako likae mbali na jiko na sigara.

Piki au vidole?

Piki. Wapo wanaopata sauti hii kwa vidole, lakini wao walianza kufanya mazoezi kabla wewe hujazaliwa.

Chagua piki isiyojikunja. Za Dunlop Tortex zina rangi kulingana na unene: njano ni milimita 0.73, kijani 0.88, zambarau 1.14. Njano kwenye besi inatoa "tik" na mwili wa noti haufiki. Anza na kijani, ukizoea nenda zambarau. Shika karibu na ncha, iachie milimita chache tu nje ya vidole. Usiiweke bapa kabisa juu ya uzi, ila usiielekeze mshazari mno pia, maana ikikaa mshazari inasugua badala ya kupiga na unasikia mchakato kama wa ufagio kwenye sakafu.

Sasa mkono. Piga kwenda chini, chini, chini. Si ushamba wala si ubishi wa mashabiki wa zamani. Pigo la kwenda chini na pigo la kwenda juu hayatoi sauti sawa. La juu kwa kawaida ni jepesi. Ukichanganya, noti zinasikika nene-nyembamba-nene-nyembamba, na ile safu iliyonyooka inapotea. Piga ukitumia kifundo cha mkono, kiwiko kitulie. Weka metronomu ya simu kwenye 120, cheza dakika mbili bila kubadilisha nguvu, ukiweza panda 5. Mkono ukiwaka moto kwenye msuli, pumzika. Ukiuma kwenye kiungo, acha siku hiyo. Kufika 180 kulinichukua miezi, na kuna nyimbo ambazo hadi leo nachanganya chini na juu na simwambii mtu.

Pa kupigia: karibu juu ya pikapu au kidogo kuelekea kwenye daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa). Ukisogea kwenye shingo sauti inakuwa tope. Ukisogea kabisa kwenye daraja inakuwa waya mtupu.

Na mkono wa kushoto unafanya nusu ya usafi. Noti haiishi kwa kupiga nyingine. Inaisha kwa kidole kulegea na kuugusa uzi bila kuuacha. Uzi wa A usioupiga utaimba wenyewe ukiwa kwenye E, kwa hiyo ncha ya kidole cha shahada iuguse daima. Watu hununua vifaa vya mguuni kutibu tope ambalo ni nyuzi mbili zinazolia bila ruhusa.

Nobu niziweke wapi? Niambie namba.

Nitakuambia, lakini kwanza tuelewane kuhusu saa. Niliwahi kumwomba mwenzangu aweke midi "saa nane" akaipeleka karibu na mwanzo, kwa sababu alikuwa anafikiria namba 8 kwenye uso wa saa. Mimi nilikuwa nafikiria saa nane ya mchana, mshale ukiwa kwenye 2. Hapa chini natumia saa zetu: saa sita ni nobu inayoangalia juu, moja kwa moja.

Kwenye gitaa fungua volyumu na toni mpaka mwisho. Kwenye amplifaya weka zote saa sita. Geini (nobu ya nguvu ya sauti inayoingia) panda mpaka noti yako kali zaidi ianze kupasuka, kisha rudi nyuma kidogo. Besi shusha hadi saa tano. Midi panda hadi saa nane. Trebo saa saba, uisikilize, na kama spika ina kitwita (kispika kidogo cha sauti za juu), kipunguze, maana ndicho kinachotoa ule mchakato wa piki unaokera. Hapo umeanza, mengine ni ya chumba.

Ukiwa na kifaa chenye namba za Hz (mitetemo kwa sekunde), mambo ni haya. Uzi wa E ulio wazi uko kwenye 41 Hz, A 55, D 73, G 98. Ungedhani nguvu ya besi iko huko chini, lakini spika nyingi zinatoa 41 Hz kwa shida, na sikio hutambua noti kupitia sauti za juu yake. Ndiyo maana unaisikia besi hata kwenye simu. Kata chini ya 40 kabisa. Ngumi ya kifua iko 80 hadi 100. Tope liko 200 hadi 300. Punguza hapo kidogo tu, ukizidisha unabaki na mifupa. Kuanzia 700 hadi 1,000 ndiko besi inakopata jina lake ndani ya bendi, na mlio wa piki uko 2,000 hadi 3,000. Kama ungeniruhusu kugusa nobu moja tu kwenye besi ya mgeni, ningepandisha hapo kwenye 800 na kwenda zangu.

Mbona nyumbani inasikika tamu, nikiingia kwa bendi napotea?

Kwa sababu nyumbani umeitengeneza kama matatu. Tumekua na masabufa chini ya viti. Tunaamini besi ni kitu kinachotetemesha dirisha. Kwa hiyo mtu anapandisha besi, anapandisha trebo, midi anaishusha, na peke yake chumbani inapendeza sana. Kisha bendi inaingia. Ngoma ya mguu inachukua chini, matoazi yanachukua juu, gitaa linakalia katikati ambako wewe mwenyewe ulihama. Umebaki huna kiti.

Ongeza na chumba. Wimbi la 41 Hz lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba chetu cha mazoezi kule Ngara hakifiki hata mita 5, na paa ni mabati. Mawimbi hayo yanagonga kuta na kurudi, kona moja besi inakuwa nzito mpaka tumbo linajaa, hatua mbili mbele haipo. Mabati nayo yanaimba noti yake yenyewe, kwetu ni kama G hivi, kila nikiigusa. Inua kabati la spika kutoka sakafuni, hata kwa kreti mbili za soda, na litoe kwenye kona. Halafu shusha besi mara nyingine tena.

Tengeneza sauti yako bendi ikiwa inacheza. Ikisikika mbaya kidogo peke yake, yenye pua, huenda umepatia.

Amplifaya ya wati ngapi inatosha?

Mpiga gitaa mwenye wati 50 za valvu anaweza kukuzika ukiwa na 100, na hapo utapandisha geini na usafi umekwisha. Kuongeza wati maradufu hukupa desibeli 3 tu. Ili sikio liseme "hii sasa ni mara mbili", unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sauti safi inahitaji nafasi ya kupumua juu yake. Kwa bendi yenye drams za kweli, tafuta 200 hadi 300 na spika zaidi ya moja. Kwa mazoezi ya nyumbani hata 20 ni nyingi.

Na usichomeke besi kwenye amplifaya ya gitaa la kawaida kwa sauti kubwa. Kwa sauti ndogo haina neno. Ukipandisha, zile spika hazikuundwa kwenda mbele na nyuma kiasi hicho.

Sina amplifaya. Naweza kuingia moja kwa moja kwenye mikisa?

Unaweza, na kwenye kumbi nyingi za hapa ndivyo itakavyokuwa utake usitake. Usichomeke tu kebo ya gitaa kwenye mikisa. Gitaa lisilo na betri likiingia kwenye tundu lisilolitarajia linakuwa jembamba na la kitoto. Tumia boksi la DI, kile kiboksi cha katikati kinachoiandaa sauti ya gitaa kwa ajili ya mikisa. Ukiweza kununua kifaa kimoja tu maishani, nunua DI yenye mwigo wa amplifaya ndani. Tech 21 SansAmp Bass Driver ya mwaka 1994 ndiyo iliyofungua mlango huo na imeigwa sana. Iwekee mng'ato kidogo, changanya nusu kwa nusu na sauti kavu, na besi yako itafika na sura ileile kila ukumbi, hata kama spika za jukwaani ni zile zilizotumika harusini Jumamosi.

Kebo iwe fupi, mita 6 au chini. Kebo ndefu kwenye gitaa lisilo na betri hula trebo.

Kuna mvumo "mmmm" hata nisipogusa kitu. Ni nini?

Umeme wetu ni volti 240 na 50 Hz, na mvumo huo ni huo umeme ukiimba. Gusa daraja la gitaa kwa mkono. Mvumo ukipungua, gitaa liko sawa na tatizo ni mazingira: taa zenye kipunguza mwanga, chaja ya simu kwenye ekstensheni ileile, au jukwaa lenye njia mbili za ardhi, moja kupitia amplifaya yako na nyingine kupitia mikisa. Hiyo ya mwisho inatibiwa na swichi ya kukata ardhi iliyo kwenye boksi la DI.

Haitibiwi kwa kung'oa pini ya ardhi kwenye plagi. Nimeona ikifanywa, nimeona ikisifiwa, na nimemwona mwimbaji akirushwa na maikrofoni mdomoni kwenye shoo iliyokuwa ikiendeshwa kwa jenereta. Pini ile ndiyo inayoubeba umeme uliopotea njia. Ukiiondoa, njia mpya ni wewe.

Kama sauti inakwaruza na kukatika unapotingisha kebo, hilo si umeme. Ni tundu la jeki. Nililipeleka gitaa langu kwa fundi mmoja Luthuli, kibandani mwenye redio tano zilizofunguliwa matumbo. Akalegeza skrubu mbili, akaugusa waya kwa ncha ya bisibisi, ukatoka wenyewe. "Kijana, hii haikuwa imeshika. Ilikuwa imekaa tu." Akafuta ncha ya pasi ya lehemu kwenye sponji yenye maji, akapasha waya kwanza, akasubiri, ndipo akaigusisha lehemu ikatiririka yenyewe mpaka ndani. Lehemu yake ilikuwa inang'aa. Ile ya zamani ilikuwa na rangi ya majivu. Ukijifunza kufanya hivyo peke yako, utaokoa nauli nyingi.

Ndugu yangu ananiletea amplifaya kutoka Marekani. Kuna shida?

Soma nyuma kabla hujachomeka. Kule ni volti 120. Nyingine zina swichi ya kuhamia 230 au 240, nyingine zinajirekebisha, na nyingine hazina huruma. Yangu haikuwa na huruma. Niliiwasha, taa ikawaka vizuri ajabu kwa kama sekunde mbili, halafu chumba kikanukia samaki waliooza na moshi ukatoka kwenye matundu ya nyuma. Kama ni ya 120 tu, nunua transfoma ya kushusha, yenye wati nyingi kuliko zinazoandikwa kwenye amplifaya, si sawasawa nazo.

Kompresa ni lazima?

Hapana. Kompresa ni kifaa kinachosawazisha nguvu za noti, na mkono uliosawazika ni kompresa. Ukiwa nayo, weka uwiano wa 4 kwa 1, ichelewe kuanza milisekunde 30 hivi ili mlio wa piki upite kwanza, na ikipunguza desibeli 3 hadi 6 imetosha. Ikizidi, noti zote zinakuwa na uso mmoja.

Fundi wa mitambo ananizima kila shoo. Nifanyeje?

Fika mapema, mwite kwa jina, na umpe noti anazohitaji. Akisema "cheza", cheza sehemu nzito zaidi ya nyimbo zenu kwa nguvu ya shoo, usimchezee solo ya kwaya. Ukipapasa nyuzi wakati wa majaribio halafu ukazipiga kama mlango wa landilodi usiku, lazima akushushe, na hana kosa.

Akisema besi ni nyingi, mara nyingi anamaanisha chini ni kwingi. Mwambie: "Mkuu, punguza chini ya 80, niachie midi." Nimeona sura zikibadilika. Wengi wamezoea wapiga besi wanaoomba chini zaidi.

Msimu wa mvua nyuzi zinagonga freti. Ni nyuzi?

Huenda ni shingo. Mbao hunywa unyevu masika na vuli, na kiangazi cha Januari huukausha. Ndani ya shingo kuna chuma cha kurekebisha. Kizungushe robo tu kwa mara moja, tuni, subiri siku, angalia tena. Kama nati imekataa, usiishindane nayo kwa koleo.

Kugonga kidogo, hata hivyo, si ugonjwa. Kwenye panki nyuzi zikiwa juu mno unachoka, zikiwa chini kiasi zinagusa freti unapopiga kwa nguvu, na ule mguso ni sehemu ya mlio wa chuma tulioanza nao. Sikiliza kupitia amplifaya kabla hujaamua.

Naishi kwenye ploti, jirani amegonga ukuta mara mbili wiki hii. Nifanyie wapi mazoezi?

Hapo hapo, bila umeme. Egemeza pembe ya mwili wa gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao, au kwenye meza, ubonyeze kidogo. Kabati linakuwa spika. Utazisikia noti zako vizuri kabisa, pamoja na zile zinazolia bila ruhusa, na jirani hatasikia kitu. Toa hengazi za chuma kwanza. Za kwetu zilikuwa zinaimba.